Mzee Mwinyi hakumpiga mtu, lakini alijiuzulu

Nimechoka kusikia kiongozi akisimama mbele ya wananchi na kusema, "Watendaji wangu wameniangusha." Majuzi nimeyasikia tena kwenye mkutano wa hadhara mtaani kwetu. Mradi wa maji umekwama, fedha hazijulikani zilipo, na mheshimiwa akamsimamisha mtendaji wa kata amgombeze hadharani kama mtoto. Watu wakapiga makofi. Mimi roho iliniuma, maana siku ya kuzindua mradi huohuo sifa zote alizibeba yeye.

Ndiyo maana kila nikifikiria uongozi namkumbuka Mzee Ali Hassan Mwinyi. Miaka ya 1970, akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani, vyombo vya dola vilifanya msako Mwanza na Shinyanga kutafuta waliohusika na mauaji ya kishirikina. Waliokamatwa wakateswa, na baadhi yao wakafia mikononi mwa dola. Mwinyi hakushika rungu. Angeweza kuwatupia mzigo wakubwa wa polisi wa mikoa ile na maisha yakaendelea. Alijiuzulu, kwa sababu askari wale walikuwa wa wizara yake na waliokufa walikuwa watu aliopaswa kuwalinda. Mwaka 1984 akawa Rais wa Zanzibar, na 1985 akapokea urais wa Tanzania kutoka kwa Mwalimu Nyerere.

Elimu, ufasaha, msimamo, vyote vinafaa. Lakini asiyekubali lawama anaharibu hata kazi ya walio chini yake. Mtendaji anayejua kwamba bosi wake atamtoa kafara hapeleki habari mbaya juu. Anapika taarifa, anaficha risiti, anaandika asilimia 90 mahali ambapo hata msingi haujachimbwa, akiomba Mungu ahamishwe kabla mambo hayajalipuka. Mkubwa anabaki anaongoza nchi ya kwenye makaratasi, na mama zetu wanaendelea kuamka saa kumi alfajiri kutafuta maji.

Nitaambiwa Mzee Ruksa, kama Mwinyi alivyoitwa, naye alikuwa na yake. Kweli, mwaka 1994 wahisani walisitisha misaada kwa sababu ya misamaha ya kodi iliyokithiri, na hilo lilitokea chini yake. Nakubali, ingawa kwa shingo upande. Halifuti alichokifanya akiwa waziri.

Wapo pia wanaosema kujiuzulu ni kukimbia tatizo. Haya, basi abaki! Lakini akibaki, aanze kwa kueleza yeye alisimamia nini, alikagua lini, na kwa nini hakuona, ndipo amgeukie mhasibu.

Mgombea atakayekuja kuniomba kura nitamuuliza jambo moja tu: ulipowahi kusimamia chochote, hata kikundi cha kuweka akiba, na mambo yakaharibika, uliwaambia nini wenzako?