Spider-Man 3 ya PS2: Jina Moja, Gemu Mbili

Mwaka 2008, kwa wiki nzima, tuliisugua diski ya gemu ya Spider-Man 3 kwa dawa ya meno. Unapaka kidogo kwenye ncha ya kidole, unasugua kutoka katikati kwenda ukingoni bila kuzungusha, unasuuza, unafuta kwa fulana ya pamba. Kwa njia hiyo tulikuwa tumefufua diski nyingi pale kwenye kibanda chetu cha gemu Busia, upande wa Uganda. Mwenye kibanda, tuliyemwita Mjomba, alikuwa na televisheni mbili ndogo na mashine mbili za PlayStation 2, yaani PS2, moja imesimamishwa wima kwa sababu ukiilaza lenzi haisomi. Diski hii haikufufuka. Majengo yaliendelea kuchomoza ghafla kutoka kwenye ukungu, picha ikakwamakwama kila maadui walipoongezeka, na kamera ikajibanza nyuma ya ukuta wakati unapigwa.

“Mjomba, diski hii imechoka.”

“Diski mpya hiyo, wanangu. Labda mashine ndiyo imezeeka.”

Mjomba alikosea, na sisi tulikosea. Diski ilikuwa nzima, na mashine ilikuwa nzima. Gemu ya PS2 ndivyo ilivyotengenezwa. Ilinichukua miaka kulijua hilo, na roho inaniuma hadi leo, kwa sababu wiki ile yote tulikuwa tunalaumu vitu vyetu.

Ili uelewe tulivyoingoja, lazima uijue iliyotangulia. Spider-Man 2 ilitoka mwaka 2004, ikatengenezwa na studio ya Treyarch, na kwa PS2 ilikuwa kitu kingine. Katika gemu zilizoitangulia utando ulinata angani, popote tu. Hapa ulilazimika kunata kwenye jengo lenyewe. Unabonyeza kitufe cha R2, unasikia uzito wa mwili ukishuka, unaachia wakati bembea inapanda, unarusha mwingine. Ukikosea unaanguka barabarani katikati ya magari. Ukipata mdundo wake, unavuka Manhattan kutoka kusini hadi kaskazini bila kugusa ardhi. Tulikuwa tunalipia nusu saa na hatupigani na mtu yeyote. Tunapanda hadi kileleni mwa Empire State Building, tunaruka, tunangoja hadi sekunde ya mwisho kabla ya kurusha utando. Kulikuwa na kupeleka piza kabla haijapoa. Kulikuwa na watoto wanaolilia puto lililowaponyoka, nawe unaruka kulifuata. Watu wazima waliokuja kuangalia mpira walisimama nyuma yetu kutazama puto.

Basi filamu ya tatu ikatoka Mei 2007, na gemu yake mwezi huohuo. Kwetu ilichelewa. Mwanzoni mwa 2008 vurugu za baada ya uchaguzi wa Kenya zilifunga barabara, mafuta yakaadimika Uganda nzima, na jenereta ya kibanda ikanyamaza. Barabara zilipofunguka, diski ikaja. Ilikuwa ya kuchomwa, yaani nakala isiyo halisi, jina limeandikwa kwa kalamu nene, lakini ndani ya mfuko wake wa plastiki kulikuwa na karatasi ya rangi: Spider-Man na vazi lake jeusi. Karatasi ile tuliitazama kuliko hata televisheni.

Tulichokikuta ndani ni mji uliopungukiwa. Magari machache, watu wachache, barabara ndefu ambazo hakuna kinachotokea. Bembea ilikuwepo lakini ule uzito haukuwepo. Ulikuwa unateleza hewani tu, hakuna cha kuogopa na hakuna cha kujivunia. Kazi nyingi zilikuwa ndani ya vyumba na mahandaki, yaani kiumbe aliyeumbwa kwa ajili ya maghorofa anatembezwa chini ya dari, na kamera haijui isimame wapi. Hadithi tuliimaliza wikendi moja, na hakuna aliyeomba kurudia.

Miaka kadhaa baadaye, niko Kampala, nimelipia dakika thelathini za intaneti, nikaona video ya Spider-Man 3 ya PS3, mashine iliyoifuata PS2. Nilidhani nimekosea jina. Mji mwingine, mapigano mengine, hata kazi zake nyingi si zile tulizocheza. Ndipo nilipojifunza jambo ambalo kila mchezaji wa mashine ya zamani anastahili kuambiwa mapema: toleo la PS3 na la Xbox 360, mashine ya Microsoft, lilitengenezwa na Treyarch, walewale waliotupa puto na piza. Toleo la PS2 na la Wii, mashine ya Nintendo, lilikabidhiwa studio nyingine, Vicarious Visions. Gemu mbili tofauti, jina moja, mwezi mmoja.

Siwalaumu mafundi wa studio yoyote. PS2 ilikuwa na kumbukumbu ya megabaiti 32, na PS3 ilikuwa na 512 ukijumlisha zote. Gemu iliyokatwa kwa ajili ya mwili mkubwa haivaliki na mdogo bila kushonwa upya, na anayeshona hana muda, kwa sababu tarehe imepangwa na filamu. Filamu haingoji gemu. Ndiyo maana nyingi za aina hii hutoka mbichi. Ile ya James Bond ya Nintendo 64, GoldenEye 007, ilitoka mwaka 1997, miaka miwili baada ya filamu yake, na watu wanaisifu mpaka leo. Nadhani ile miaka miwili ilichangia sana.

Lakini hoja ya kwamba mashine ilikuwa dhaifu siikubali, na ushahidi ulikuwa kwenye televisheni ya pili, hatua tatu kutoka tulipokaa. Pale wakubwa walikuwa wanacheza Grand Theft Auto: San Andreas, ya 2004, kwenye PS2 ileile: miji mitatu, jangwa, mlima, ndege za kuendesha. Resident Evil 4 ndiyo mfano ninaoupenda zaidi. Ilianza kwenye GameCube, mashine ya Nintendo, mapema mwaka 2005, na ilipohamishiwa PS2 mwishoni mwa mwaka huo picha zilipungua, hilo kila mtu aliliona. Ila waliongeza sehemu nzima ya hadithi ya mhusika Ada Wong ambayo wenye GameCube hawakuwa nayo. Walijua wanachokipunguza, wakafidia. Mwenye PS2 alipoishika padi alijua amefikiriwa.

Kufikiriwa huko ndiko ninakokutaka, na sisi Uganda tunakujua vizuri kwa sababu ya VJ, msimulizi wa filamu kwenye vibanda vya video. Filamu za Marekani kwetu hupita mdomoni mwa mtu: anakaa na maikrofoni, anatafsiri kwa Kiluganda, anaeleza huyu ana hasira kwa nini, anakuonya kwamba yule mwenye koti atamsaliti mwenzake. Ukivuka mpaka kuingia Kenya unamkuta DJ Afro akifanya vivyo hivyo kwa Kiswahili. Sauti ya filamu inafifia chini ya sauti yake, maneno mengine yanapotea kabisa, na hakuna anayetoka kibandani akihisi amepewa makombo. VJ anajua nani amekaa kwenye benchi. Mzaha usiowachekesha anauacha, anaweka unaowachekesha. Kuhamisha gemu kutoka mashine moja kwenda nyingine ni kazi ya namna hiyohiyo. Picha zinaweza kupungua, mji unaweza kupungua. Kinachopaswa kubaki ni kile kilichowafanya watu walie na kucheka, na kwa Spider-Man kitu hicho ni bembea.

Najua kuna atakayesema: diski yenyewe ilikuwa ya kuchomwa, unadai nini? Ni kweli, hatukumlipa aliyeitengeneza, na sitetei hilo. Lakini mtoto wa London aliyenunua sanduku halisi dukani kwa ajili ya PS2 yake alicheza gemu ileile tuliyocheza sisi. Alichokosa yeye ndicho tulichokosa sisi, na yeye alilipa bei kamili.

Halafu tusisahau nani alikuwa na mashine gani. PS3 ilipoingia sokoni Marekani mwishoni mwa 2006, ile kubwa iliuzwa dola 599, ambazo kwa kiwango cha wakati ule zilikuwa karibu milioni moja ya shilingi zetu, kabla ya usafiri na ushuru. Kwa hiyo huku kwetu PS2 haikuwa mashine ya zamani. Ilikuwa ndiyo mashine. Iliendelea kuundwa hadi karibu na mwanzo wa 2013, na duniani ziliuzwa zaidi ya milioni 150. Watu wote hao, gemu ikitoka kwa matoleo mawili, wao hupata lile ambalo wakosoaji hawalitazami mara mbili. Ukisoma habari za Spider-Man 3 leo, toleo letu linapewa aya moja kana kwamba halikuchezwa na mtu. Lilichezwa. Mimi nilibeba madumu ya maji alfajiri ili nilicheze.

Na mambo hayo hayajakwisha. Desemba 2020, gemu ya Cyberpunk 2077 iliondolewa kwenye duka la mtandaoni la PlayStation kwa jinsi ilivyokuwa mbaya kwenye PS4, na walioinunua humo wakapewa nafasi ya kurudishiwa pesa. Nilifurahi kuona hilo. Ila mpwa wangu ana PS4 ya mtumba, diski zake ananunua mkononi kwa mtu sokoni, na pale hakuna risiti wala wa kumrudishia. Kinga yake pekee ni kujua kabla. Ningependa sanduku liseme wazi, kwa herufi za kuonekana, kwamba toleo hili limetengenezwa tofauti na lile la mashine kubwa, na picha za nyuma ziwe za toleo hilo hilo lililomo ndani. Mstari mmoja tu. Ungetuokolea wiki ya dawa ya meno.

Jumamosi iliyofuata wiki ile ya 2008, Mjomba aliitoa diski ya Spider-Man 3 bila kusema neno, akaisukuma nyuma ya zile za mpira, akarudisha Spider-Man 2. Memori kadi ilikuwa imetutunzia kila kitu. Tuliruka kutoka kwenye paa, tukashika mdundo kwenye bembea ya pili, na hatukuwa tumefika mbali tukamsikia mtoto kule chini, analilia puto lake.