Kiti Hiki Hakina Mtu

Kwa kuwa mwenzangu wa masjala ameshawasimulia yaliyonipata Jumanne mbele ya kamati, tena akaongeza kwamba nilijificha chini ya meza, naona ni heri mnisikie mwenyewe. Sikujificha, nilikuwa nimeinama kutafuta waya wa projekta, ambao ulikuwa umechomekwa vizuri kabisa.

Mnaijua ile programu yetu ya mikopo ya wanachama, iliyotengenezwa kwa Access (programu ya Microsoft ya kutunza kumbukumbu), ambayo watu huiacha wazi wakaenda zao nyumbani, hata kazi ya usiku ya kulibana faili lake ili lipungue ukubwa ikashindikana kwa sababu kompyuta moja bado inalishikilia. Nikaona nimepata dawa: fomu iliyofichwa ambayo kila baada ya milisekunde 60,000, yaani dakika moja, huchungulia kishale kiko katika kisanduku gani. Kikikutwa palepale mara 10 mfululizo, hutokea tangazo jekundu linalohesabu kurudi nyuma kuanzia 10, kisha rekodi ambayo haijahifadhiwa hutupwa na programu hufungwa. Kitufe cha kughairi sikukiweka, maana nilijiuliza, mtu ambaye hayupo atakibonyezaje? (Msicheke bado.)

Jumanne, mbele ya kamati nzima, Mwenyekiti aliomba ajaze mwenyewe kisanduku cha Maelezo. Mzee wetu huandika kwa kidole kimoja, na kila herufi huitafuta kwanza kwa macho, kisha kwa kidole, kisha huinua miwani kuhakikisha kwamba kweli imetokea. Aliandika, akafuta, akaandika upya, nasi tukisoma ukutani kila neno linavyozaliwa. Nilisimama nyuma yake nikitabasamu kwa fahari, bila kukumbuka kwamba fomu yangu haioni herufi zinazoandikwa. Huona kisanduku tu, na kisanduku kilikuwa kilekile.

Alipofika "kwa hiyo kamati inashauriwa", ukuta mzima ukawa mwekundu, na maneno niliyoyatunga mwenyewe yakasomeka: KITI HIKI HAKINA MTU. Mwenyekiti aliyasoma polepole, kwa sauti. Akakitazama kiti. Akanitazama mimi. Tisa ikawa nane, nane ikawa saba, na mweka hazina akashikwa na kikohozi ambacho nyote mnajua si cha mafua. Ilipofika nne, Mzee akainua kidole kilekile cha kuandikia, akaniuliza kwa upole, "Kijana, kwani mimi nimejiuzulu lini?" Kabla sijafungua kinywa ikafika sifuri, Maelezo yakatoweka, na ukutani ikabaki picha yangu nikiwa nimeshika cheti cha kompyuta. Hapo ndipo nilipoinama kutafuta waya.

Niliomba radhi, chai ikaletwa, na jioni hiyohiyo nikarekebisha ili kila herufi inayobonyezwa irudishe hesabu mwanzo, nikaweka na kitufe cha kughairi. Maelezo Mzee ameyaandika upya, safari hii kwa kalamu. Lakini tangu siku hiyo, kila asubuhi akipita mlangoni kwangu husimama, nami huinuka nikamwamkia "Shikamoo, Mzee", naye kabla ya kuitikia huniuliza, "Leo nipo?"