Mizani ya Shilingi 20

Kwenye barabara ya Kenyatta hapa Nakuru, mahali ambapo wauza soksi hupakana na wauza miwani, kuna kijana aliyetandaza mizani yake chini ya mwavuli, na kwa shilingi 20 humtajia mpita njia yeyote uzito wake kwa sauti inayowafikia hata makanga wa upande wa pili. Mimi nilipanda mizani hiyo mwezi wa Januari kwa kiburi tu. Nilivua koti, nikatoa simu na funguo za duka mfukoni, nikabana pumzi kana kwamba hewa nayo hupimwa kwa kilo.

"Tisini na sita, bosi," akatangaza.

Akanisimamisha kando ya kijiti chake cha urefu, akapata mita 1.70, akabonyeza simu na kunionyesha namba 33, kipimo cha uzito ukilinganishwa na urefu. Kipimo hicho kikifika 25 mtu huhesabiwa kuwa uzito wake umezidi, na kikifika 30 huitwa unene wa kupindukia, kwa hivyo nilikuwa nimevipita vituo vyote viwili bila kuona kibao hata kimoja.

Naomba nisihukumiwe upesi. Ninauza vipuri vya magari, na kazi hiyo hunitaka niketi kwenye kigoda kirefu tangu saa mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, huku anayepanda ngazi kuteremsha vichujio vya mafuta kutoka rafu ya juu akiwa ni kijana wangu wa kazi, ambaye ni mwembamba kama mkanda wa feni. Mshipi wangu ulitoka dukani na matundu matano, nami nikaongeza mawili kwa msumari wa moto. Ukiutazama kwa karibu utaona bizimu imeacha mkunjo kwenye kila tundu, mmoja baada ya mwingine, na ukizifuata alama hizo utajua jinsi kitambi kilivyopanda mwaka baada ya mwaka, sawasawa na Ziwa Nakuru lilivyopanda hadi likameza lango kuu la mbuga.

Nilianza na ukumbi wa mazoezi ambao sitautaja, maana bado wananidai. Nilimweleza mwalimu kwa adabu kwamba nilitaka kupunguza tumbo peke yake, mashavu ayaache kwa sababu wateja wamezoea kuyaona. Akanijibu kwamba mwili haupokei oda. Ukilala chini na kujikunja mara 100 kwa siku, misuli ya tumbo itakomaa huko ndani, lakini mafuta yaliyo juu yake yataondoka kwa ratiba ya mwili wenyewe na kutoka popote unapopenda. Mwili wangu ulipenda kuanza na mashavu. Baada ya mwezi mmoja uso ulikuwa umechongoka na tumbo liko pale pale, nikafanana na mtu aliyeazima kitambi cha mwenzake.

Hesabu nilipewa na binti yangu aliye kidato cha tatu. Kilo moja ya mafuta ya mwilini, alisema, hubeba kalori 7,700 hivi, kwa hivyo anayejinyima kalori 500 kila siku hupungua takriban nusu kilo kwa wiki. Nusu kilo! Nusu kilo ya sukari mimi huinunua bila hata kuitazama, na sasa nikaambiwa kuiondoa mwilini ni kazi ya siku saba. Akaongeza kwamba kijiko kimoja cha mezani cha mafuta ya kupikia kina kalori 120 hivi, na hapo ndipo aliponichongea kwa mamake bila kujua. Jumapili niliingia jikoni kufanya uchunguzi. Donge la chapati husukumwa, hupakwa mafuta, huviringwa kama konokono, husukumwa tena, kisha hupakwa mafuta upande huu na upande ule likiwa kwenye kikaango. Nilikuwa nimehesabu vijiko viwili katika chapati ya kwanza, kwa sauti, mke wangu aliponiuliza kama nilioa mpishi au mshtakiwa, akanionyesha mlango.

Binti huyo huyo ndiye aliyeniambia mafuta yanakokwenda. Mimi niliamini hutoka kwa jasho, na kwa imani hiyo nilikuwa nikitembea na sweta mbili mchana wa jua. Kumbe watafiti wa Australia walipiga hesabu hiyo mwaka 2014 wakaona kwamba katika kila kilo 10 za mafuta zinazochomwa mwilini, kilo 8.4 hutoka mapafuni kama hewa ya kaboni dayoksaidi, na kilo 1.6 zinazobaki hugeuka maji. Niliposikia hivyo nikaanza kuhema kwa bidii nikiwa kwenye kigoda changu, hadi mteja aliyekuja kutafuta plagi akaniuliza kama aniitie gari. Binti akanikanya kwamba kuhema bila kazi huleta kizunguzungu tu. Pumzi lazima ifanyiwe kazi.

Basi nikapeleka pumzi zangu Menengai. Mji wetu uko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari na kilele cha Menengai kiko mita 2,278, tofauti ambayo kwenye karatasi haimtishi mtu. Kila Jumamosi alfajiri nilipanda nikiyaaga mafuta yangu kwa kila pumzi, na kila Jumamosi nilipitwa na bibi mmoja aliyebeba mzigo wa kuni mgongoni, kamba ikiwa imemkaza kwenye paji la uso.

"Pole pole, mwanangu," alikuwa akiniambia bila kusimama. "Mlima hauhami."

Chakula nacho nilikishika. Ugali wa ukubwa wa ngumi, sukuma wiki iliyochemshwa, chai bila sukari, ambayo kwa maoni yangu ni maji ya moto yenye huzuni. Kufikia Aprili kijana wa mizani alitangaza 91. Nilingoja anipongeze.

"Pole, bosi," akasema kwa sauti ya chini, mara ya kwanza kumsikia akinong'ona. "Ulilazwa?"

Hapo ndipo matatizo yalipoanza, kwa sababu mtu mwenye kitambi huachwa kwa amani ila aliyekipoteza hutakiwa kutoa maelezo. Mzee wa kanisa alikuja dukani kuniombea, akanishika bega kwa muda mrefu kuliko maombi yalivyohitaji. Mwenye jengo alikuja kudai kodi ya mwezi ambao ulikuwa haujaanza. Rafiki yangu mmoja alinivuta pembeni akaniuliza ni benki gani.

Kisha mama mkwe akafunga safari kutoka Molo, akiwa na gunia la viazi, kuku mzima na chupa mbili za maziwa. Alikaa, akanitazama kutoka kichwani hadi mshipini, ambapo tundu la msumari lilikuwa limebaki wazi, kisha akamgeukia binti yake na kumtazama kimya kirefu.

"Mwanangu," akaniuliza mbele yake, "huku unapewa chakula?"

Kukataa sahani siku hiyo kungekuwa kumshtaki mke wangu mbele ya mamake, nami nilikwisha kumshtaki mara moja jikoni na nikaona matokeo yake. Nilikula. Niliongezwa, nikala. Mama mkwe alikaa wiki tatu, na kila jioni chapati ziliteremka kutoka kwenye kikaango huku mke wangu akinitazama kwa utulivu wa mtu aliyeshinda kesi.

Wiki iliyopita nilipita barabara ya Kenyatta nikijaribu kujificha nyuma ya wauza miwani, lakini kijana aliniona akaniita. Nilipanda na koti langu, simu, funguo na yote.

"Tisini na tano!" akapaza sauti, na makanga wa upande wa pili wakageuka. "Bosi umepona!"

Nikampa noti ya shilingi 50. Akanirudishia 40.

"Leo," akasema, "nimekupunguzia."