Mwacheni wa mwisho amalize

Kuna kijana mmoja alikuja kwenye mbio zetu za saiklokrosi, mbio za baiskeli za kuzunguka njia fupi ya nyasi na tope, mara moja tu, na mpaka leo simsahau. Alikuja na baiskeli ya milimani ya kuazima, kofia ngumu ikimpwaya kichwani, namba ya mgongoni ameibandika juu chini. Alipangwa safu ya nyuma kabisa. Mzunguko wa kwanza alianguka kwenye kona yenye tope, wa pili akaanguka palepale, wa tatu akapita bila kuanguka, akapiga ukelele wa furaha tuliousikia mpaka kwenye meza ya wapima muda. Alipokuwa anamalizia wa nne, mwamuzi akapuliza filimbi na kumwonyesha mkono: toka nje. Alikuwa amebaki nyuma kupita kiwango, na kanuni ilitaka aondolewe. Akashuka, akasimama kando ya utepe unaozungushia njia dakika kama mbili akiwatazama wenzake wakipita, kisha akaikokota baiskeli yake akaenda zake. Hatukumwona tena.

Mwamuzi yule nilikuwa mimi.

Kanuni niliyoifuata si ya kubuni. Katika saiklokrosi ya ngazi ya juu, chini ya shirikisho la baiskeli duniani, UCI, mkimbiaji anayeachwa na kiongozi kwa muda unaofikia asilimia 80 ya mzunguko wa kwanza wa kiongozi huondolewa mchezoni. Fanya hesabu. Kama kiongozi alizunguka kwa dakika 7, ukiachwa dakika 5 na sekunde 36 umekwisha. Mgeni anayepoteza dakika moja na nusu kila mzunguko hamalizi hata wa nne. Kwa mabingwa kanuni ina maana yake: njia inaweza kuwa na upana wa mita 3 tu, na anayegombea ushindi hapaswi kukwama nyuma ya mtu aliyezidiwa mzunguko mzima. Ila sisi tuliibeba kama ilivyo na kuitua kwenye ligi ya watu wenye kazi zao, watu waliotoka nyumbani alfajiri na kulipa ada ileile aliyolipa mshindi, halafu tukawapa nusu ya mbio.

Nimeandaa mbio hizi misimu kadhaa sasa. Kila kikao cha kujadili kwa nini watu wanapungua huanza na maswali yaleyale. Tuongeze zawadi? Tutafute mdhamini? Tumwalike mkimbiaji mwenye jina? Nimefika mahali nasema wazi kwamba ligi ya ridhaa haikai hai kwa sababu ya mshindi. Mshindi atakuja tu. Anayeiweka hai ni yule anayeshika nafasi ya 27 na mwenzake wa 28, ambao wamefukuzana dakika 40 nzima wakizomeana kwa utani kwenye kila kona, na ambao wiki ijayo watarudi kwa sababu wa 28 ana deni la kulipa.

Mchezo wenyewe umeumbwa hivyo. Saiklokrosi haikimbiwi kwa umbali bali kwa muda: dakika 30, 40, au saa nzima kwa wanaume wa ngazi ya juu. Njia yake ni fupi, kilomita 2.5 hadi 3.5, na inajikunja na kujirudia ndani ya uwanja mmoja. Kwa hiyo wa mwisho hayuko peke yake porini kama katika mbio ndefu za barabarani. Anapita mbele ya watu walewale kila baada ya dakika chache, anapishana na wa kwanza wakitenganishwa na utepe tu, na asiyejua hesabu ya mizunguko hawezi hata kusema nani anaongoza. Ni michezo michache inayompa wa mwisho mashangilio sawa na wa kwanza. Ukimtoa mtu huyo kwa filimbi umetupa kitu bora kabisa ulichokuwa nacho mkononi.

Badala yake tunafanya hivi. Kiongozi akishavuka mstari na kumaliza, kila anayefuata naye anamaliza pale anapoufikia, hata kama ana mizunguko miwili pungufu. Matokeo yanapangwa kwanza kwa idadi ya mizunguko, kisha kwa nani alivuka mbele ya nani. Karani anaandika kila namba inayopita, mmoja anasoma kwa sauti na mwingine anaandika, kwa sababu mtu mmoja hawezi kutazama na kuandika kundi linapopita kwa pamoja. Na kabla ya kuanza tunawaambia wageni jambo moja la usalama: shika njia yako, usihangaike kumpisha mtu kwa kuyumba, anayekupita ndiye atakayetafuta pa kupitia. Msimu mzima uliofuata hatukupata ajali hata moja kati ya kiongozi na aliyezidiwa mzunguko. Hofu yetu yote ilikuwa ya bure.

Kuna wanaosema huko ni kushusha hadhi ya mchezo. Nawakumbusha ulikotoka. Mwanzoni mwa karne ya 20 huko Ufaransa, waendesha baiskeli wa barabarani walikuwa wakikata mashamba na kuruka mitaro ili wasipoe msimu wa baridi, na Daniel Gousseau akaandaa mashindano ya kwanza ya taifa mwaka 1902. Octave Lapize aliposhinda Tour de France, mbio kubwa za barabarani za kuizunguka Ufaransa, mwaka 1910 alisema mazoezi hayo ya tope yalimsaidia. Mashindano ya dunia hayakuwepo mpaka 1950, Jean Robic alipotwaa taji la kwanza mjini Paris. Kubeba baiskeli begani kupanda mlima wa tope kulianza kama namna ya kupitisha baridi pamoja.

Sasa nije kwenye tope lenyewe, maana hapo ndipo mahudhurio hufa kimyakimya. Mbio za kwanza za msimu hujaa. Jua lipo, ardhi kavu, kila mtu ana hamu. Kisha mvua inashuka, na baada ya mbio mbili za tope mfululizo orodha inapukutika, nasi tunasema watu wamekuwa wavivu. Si uvivu. Katika mbio kubwa mkimbiaji ana baiskeli mbili au tatu. Anabadilisha kila nusu mzunguko, na fundi wake anaiosha ile chafu kwa bomba la nguvu huku yeye akiendelea. Mtu wetu ana baiskeli moja. Tope likichanganyika na nyasi linajisokota kwenye gia za nyuma, mnyororo unakwama, chuma kinachoshika kibadilisha gia kinapinda au kukatika, na Jumatatu yuko kwa fundi. Mlipangie wiki moja tu kabla ya tope jingine uone kama atakuja.

Tulijifunza mambo mawili. La kwanza, kuacha wiki mbili kati ya mbio na mbio katika miezi ya mvua, hata kama kalenda inarefuka. La pili ni maji. Bomba mbili na brashi kadhaa kando ya uwanja, basi. Nilimtazama mama mmoja siku ile ya kwanza tulipoziweka: alisugua mnyororo kwa brashi ndogo jino kwa jino, akazungusha pedali akiwa ameinamisha sikio, akasugua tena mpaka ile sauti ya kusagika ikaisha. Foleni nyuma yake ilikuwa ya watu kumi na hakuna aliyelalamika. Walikuwa wanasimuliana walivyoanguka. Foleni ile ilijenga urafiki kuliko sherehe yoyote ya kutoa vikombe tuliyowahi kufanya.

Matairi nitayasema kwa kifupi. UCI hairuhusu tairi pana kuliko milimita 33. Kwenye ligi ya ridhaa kipimo hicho kibaki sandukuni. Mtu aje na baiskeli aliyonayo, mradi breki zinashika.

Pointi zinahitaji uangalifu zaidi. Msimamo wa ligi unawafanya watu warudi, hilo ni kweli, lakini ukiupanga vibaya unawafukuza. Ukihesabu mbio zote, aliyekosa moja kwa sababu mtoto anaumwa anaona msimu wake umeharibika na anaacha zilizobaki. Sisi tuna mbio nane na tunahesabu sita bora. Jambo lenye madhara zaidi ni safu za kuanzia. Katika saiklokrosi mwanzo ni nusu ya vita: kundi zima linakimbilia kona moja, na aliye nyuma anasimama kabisa huku wa mbele wakitokomea. Tukipanga kila safu kwa pointi, mgeni anabaki nyuma daima kwa sababu alikuwa nyuma jana. Kwa hiyo safu mbili za mbele ndizo za pointi, zilizobaki tunazigawa kwa bahati nasibu. Wazoefu walinung'unika. Mimi naendelea kulitetea, kwa sababu nimeona uso wa mtu aliyeanza safu ya tatu kwa mara ya kwanza maishani.

Na wanawake. Mashindano ya dunia ya wanawake yalianza mwaka 2000, miaka 50 kamili baada ya yale ya wanaume, na ligi nyingi ndogo bado zinakwenda kwa mwendo huo. Wanawake sita wanaunganishwa na kundi la wanaume, wanaanzishwa sekunde 30 baadaye, wanasukumwa kwenye kila kona, matokeo yao yanatangazwa watu wakiwa wameshaondoka, halafu mwandaaji anasema wanawake hawajitokezi. Wapeni muda wao wenyewe, katikati ya siku, hata wakiwa wanne. Kwetu walibaki wanne karibu msimu mzima. Kuna mjumbe aliyetaka tuufute muda huo ili siku iwe fupi, tukabishana mpaka usiku. Muda ulibaki. Msimu uliofuata walikuwa kumi na mmoja, na watatu kati yao walikuwa wamekuja kwanza kama watazamaji.

Lakini hayo yote yanasimama juu ya vigingi, kwa maana halisi. Njia ya kilomita 3 yenye utepe pande zote mbili ni kilomita 6 za utepe. Ukipigilia kigingi kila baada ya mita 5, ni vigingi 1,200. Kila kimoja kinapigwa nyundo asubuhi na kung'olewa jioni, viganja vimekufa ganzi, giza linaingia, na utepe uliolowa unakuwa mzito kama kamba ya ndoo. Watu wanapouliza ligi zinakufaje, mimi nasema hufa jioni hiyo, pale watu watano walewale wanapotazamana uwanjani huku magari themanini yakiwa yameshaondoka. Hawagombani na mtu. Mwakani hawapokei simu, basi.

Mwaka 2013 mashindano ya dunia yalitoka Ulaya kwa mara ya kwanza, yakafanyika Louisville, Marekani. Mto Ohio ulikuwa unafurika kuelekea uwanjani, na waandaaji wakazibana mbio zote za siku mbili ndani ya siku moja ya Jumamosi. Mbelgiji Sven Nys ndiye aliyeshinda kwa wanaume. Mimi kila nikiyakumbuka mashindano yale nawafikiria waliohamisha ratiba, vyuma na utepe huku maji yakipanda.

Kwetu kila anayejisajili kwa msimu anachagua zamu moja ya kazi palepale kwenye fomu: kupigilia, kung'oa, kuandika namba, kusimama kwenye kona, kuwafundisha wageni kushuka na kuvuka viunzi. Hakuna kutozwa faini. Jina lako limeandikwa kwenye ubao ambao kila mtu anauona, inatosha. Anayeshiriki mbio za asubuhi anafanya kazi mchana, na kinyume chake. Jumanne napiga simu kwa kila aliyekuja kwa mara ya kwanza na kumuuliza baiskeli imepona? Wengi wanacheka, kisha wanauliza tarehe ya mbio zijazo.

Yule kijana sikuwa na namba yake ya simu. Fomu zetu za wakati ule hazikuiuliza. Ile filimbi ninayo bado, huwa naivaa shingoni kila siku ya mbio, na naipuliza mara moja tu: baada ya mkimbiaji wa mwisho kuvuka mstari, kuwaita watu waje kung'oa vigingi.