“Mengine Tuachie Sisi”: Hakathoni ya Siku Moja Huanza Wiki Moja Kabla

Nimepokea mwaliko wa hakathoni ya klaudi, yaani mashindano ya timu ya kuunda programu kwenye kompyuta za kukodi mtandaoni. Ya siku moja. Tangazo lina mchoro wa wingu linalocheka, na chini yake maneno haya: “Njoo na laptopu, wazo na ari. Mengine tuachie sisi.” Nililisoma nikiwa nimesimama, nikakaa, nikalisoma tena. Kisha nikacheka kile kicheko ambacho mtu akikisikia anakuuliza kama nyumbani kwema.

Maana mwaka jana nilikwenda na vyote vitatu. Laptopu ilikuwepo, wazo lilikuwepo, ari ilikuwa inamwagika. Na hayo “mengine” niliwaachia kweli, kama nilivyoagizwa. Nao wakayaacha.

Hesabu ilikuwa hivi. Kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni ni saa nane, kwenye karatasi. Toa hotuba za ufunguzi, ambazo tangu dunia iumbwe hakuna aliyewahi kuzifupisha. Toa chakula. Toa saa nzima ya mwisho ya kuwasilisha mbele ya majaji. Zinabaki tano na chenji. Katika hizo tano, timu yetu ya watu wanne iliandika programu kwa muda wa saa moja na nusu hivi, nikijipendelea.

Nyingine zilikwenda kwenye kufungua akaunti. Tovuti ya mtoa huduma (simtaji, naye anajijua) inataka namba ya simu; ujumbe wa uthibitisho hauji; ukija, namba ya siri imeshapitwa na wakati. Unaweka kadi ya benki, benki inashtuka kuona malipo ya ugenini, inaizuia ili kukulinda. Siku nyingine zote nikinunua upuuzi benki hiyohiyo hainilindi na lolote. Kadi ikikubaliwa, unaambiwa akaunti inahakikiwa, vuta subira. Tukavuta. Mwenzetu mmoja akapata akaunti saa tano na nusu, mwingine saa saba. Mmoja akaunda hifadhidata, ghala la taarifa za programu, kwenye kanda ya Virginia (kanda ni mahali kompyuta zenyewe zilipo), mwingine akakaa anaitafuta kwenye kanda ya Ireland, kila mmoja akiapa kwamba mwenzake ndiye haoni vizuri. Nusu saa nzima watu wazima wanne tulikuwa tunabishana kama hifadhidata ipo au haipo. Ipo! Ila bara jingine.

Nimekuja kusoma baadaye, kwa utulivu, hati za watoa huduma. AWS, klaudi ya Amazon, kwa mfano wanaeleza wazi kwamba akaunti mpya inaweza kuchukua hadi saa 24 kuanza kufanya kazi kikamilifu. Siwalaumu, kuna matapeli wengi na lazima wajikinge, na jambo lenyewe wameliandika peupe. Ninayemshangaa ni mtu anayepanga shughuli ya saa nane juu ya kitu kinachoweza kuchukua saa 24, halafu anachora wingu linacheka.

Lakini hata hilo ningelimeza. Lililonikaa rohoni ni jingine.

Kwenye timu yetu kulikuwa na dada mmoja, mwanafunzi, mwenye kichwa cha hisabati kuliko sisi watatu tukijumlishwa. Hakuwa na kadi inayokubalika mtandaoni. Hakuwahi kufungua akaunti ya klaudi maishani, na ndiyo sababu alikuja: kujifunza. Tangazo lilimwambia aje na wazo, akaja na wazo, tena zuri, ndilo tulilolichagua. Kuanzia asubuhi alikaa nyuma ya migongo yetu akitazama skrini zinazozunguka. Saa nane mchana akaniuliza kwa sauti ya chini, “Kaka, hivi mimi nifanye nini?” Nikamjibu atengeneze slaidi.

Nikamwambia atengeneze slaidi. Mtu aliyekuja kujifunza klaudi, na wazo ni lake.

Slaidi zilipendeza. Hatukuwa na cha kuonyesha nyuma yake.

Meza ya pili kutoka kwetu walikaa washindi. Saa nne na robo, hotuba zikiwa ndiyo kwanza zimekwisha, tayari walikuwa na kiungo kinachofunguka. Jioni jaji mmoja akawasifu kwa kusema “wameanza sifuri kama wengine wote na tazameni walipofika.” Nikamtazama. Sifuri ipi? Kijana mmoja wa timu ile anafanya kazi ya klaudi kila siku ya Mungu. Akaunti yake ina miaka. Kadi ilishakubaliwa zamani, vikomo vyake vya matumizi vilishaongezwa, funguo ziko kwenye mashine, na kwenye folda zake kuna violezo vya miradi kumi iliyopita ambavyo anavinakili huku akipiga soga. Hakudanganya chochote, na sina kinyongo naye (kidogo ninacho). Ila aliyeanza sifuri pale ukumbini alikuwa yule dada peke yake.

Huu ndio ugomvi wangu na “njoo na ari tu.” Maneno hayo yanasikika kama ukarimu kwa wanaoanza, kumbe ndio wanaoumia nayo. Mzoefu hahitaji kuambiwa ajiandae, maisha yake yote ni maandalizi. Mgeni ndiye anayeamini tangazo.

Na hata neno lenyewe halikuzaliwa hivyo. Hakathoni ya kwanza kuitwa kwa jina hilo inatajwa kuwa ile ya mfumo wa kompyuta uitwao OpenBSD mwaka 1999, Calgary, Kanada: waandishi wa programu kumi walikutana huko, nje ya Marekani, kwa sababu sheria za Marekani za wakati ule zilibana usafirishaji wa programu za usimbaji fiche, zile za kuficha taarifa zisisomwe na wasiohusika. Watu kumi waliokuwa tayari wanafanyia kazi mfumo mmoja, wanaujua kila kona, na wanajua kilichowapeleka. Hakuna aliyefika akauliza nywila ya wi-fi ni ipi halafu akaanza kutafuta timu.

Basi mwaka huu nimeamua, na nitalipigia kelele hadi mnichoke: usiku wa kuamkia hakathoni, timu lazima iwe na kitu kitupu kilicho hewani. Kitupu kabisa. Ukurasa mmoja ulioandikwa “Mambo!” na kitufe kimoja, ukikibonyeza, kinaita programu kwenye klaudi, programu inaandika mstari mmoja kwenye hifadhidata, inausoma, inaurudisha kwenye ukurasa. Hakina maana yoyote na hakimsaidii mtu duniani. Lakini kimepita njia nzima: kutoka laptopu yako, kupitia mahali mnapotunzia programu, hadi kiungo ambacho shangazi yako anakifungua kwenye simu yake. Na sharti la shangazi si mzaha. Kikifunguka kwenye laptopu yako tu, bado hujafanya kitu.

Kwa nini nakazania kitu cha kipuuzi hivyo? Kwa sababu mitego yote ya klaudi imetegwa kwenye njia, haimo ndani ya wazo. Ukurasa uko anwani moja, programu anwani nyingine, kivinjari kinavikataza visizungumze: saa moja imeliwa. Programu haina ruhusa ya kuandika kwenye hifadhidata, nawe unasoma ujumbe wa kukataliwa wenye urefu wa shairi la Kiswahili lenye vina na mizani, bila utamu wake: saa nyingine. Jina ulilolitaka kwa ndoo yako ya S3 (hifadhi ya mafaili ya AWS) limeshachukuliwa, maana majina ya ndoo hushindaniwa na wateja wote duniani na huduma yenyewe ipo tangu 2006, kwa hiyo mazuri yalikwisha zamani. Unataka mashine yenye GPU, chipu ya hesabu nzito, kwa ajili ya akili bandia yako. Akaunti mpya mara nyingi huanza na kikomo cha sifuri kwa mashine hizo, na kwenye jaribio la bure la Google Cloud huwezi kuziongeza kabisa. Ombi la kuongezewa kikomo husubiri majibu, na majibu hayana haraka na wewe. Ukikutana na hayo Jumatano, ni kero. Ukikutana nayo siku ya hakathoni saa tisa alasiri, siku ya kufa nyani miti yote huteleza.

Na kila mwanatimu apite njia hiyo kwa mkono wake mwenyewe. Kila mmoja! Mwenye akaunti anawafungulia wenzake watumiaji wao, kila mtu na nywila yake na ruhusa zake, kila mtu anabadilisha neno “Mambo!” kuwa neno lake na kulipandisha hewani. Kanda inachaguliwa moja, inaandikwa kwa herufi kubwa juu ya kundi la WhatsApp. Dada yangu wa mwaka jana hakuhitaji kadi hata kidogo. Alihitaji mtu mmoja, dakika ishirini, jioni moja ya wiki iliyotangulia. Mimi nilikuwa nazo hizo dakika ishirini. Nilikuwa nachagua jina la timu.

Najua kuna anayesema huo ni udanganyifu, kanuni zinataka kila kitu kiandikwe siku hiyohiyo. Haya. Nakubali, shingo upande, kwamba wapo wanaokuja na mradi uliokamilika, wanaufungua vipande vipande ili uonekane unazaliwa, na hao ni wezi, sina jina jingine. Lakini ukurasa wenye “Mambo!” si mradi. Ukiwa na wasiwasi waulize waandaaji kwa maandishi, na wakikataa ukurasa, akaunti na ruhusa bado ni zako. Sijaona kanuni inayomlazimisha mtu afungue akaunti ya benki siku ya harusi.

Nakubali pia kwamba kukwama kunafundisha. Kukwama kwenye tatizo, ndiyo. Kusubiri ujumbe wa simu kumenifundisha matusi tu.

Kuhusu fedha, jambo moja linalowaponza wengi: tahadhari ya bajeti, ukiiacha ilivyo, haizimi chochote. Inakutumia barua pepe tu. Na taarifa za matumizi huchelewa. Kwenye AWS bajeti husasishwa mara chache kwa siku, kwa kawaida kila baada ya muda wa saa nane hadi kumi na mbili. Piga hesabu. Hakathoni ni ya saa nane, kwa hiyo barua ya “umevuka kiwango” inaweza kukukuta umeshalala, na mashine zako ziko macho. Mteueni mtu mmoja ambaye kazi yake jioni ni kufuta kila kitu kabla hajavua viatu.

Funguo za siri za akaunti zisiingie GitHub, tovuti ya kutunzia programu. Ziko programu zinazozunguka usiku na mchana kuzitafuta, na huzipata ndani ya dakika chache.

Kubernetes, ule mfumo wa kusimamia programu kwenye mashine nyingi? Kwa siku moja? Ukitaka kunitania, nitanie, lakini nje ya muda wa kazi.

Pakua mapema kila kinachopakuliwa, maana watu mia wakivuta kontena zao (vifurushi vya programu) kwa pamoja, wi-fi ya ukumbini hukata roho. Rekodi video ya demo yako pindi tu inapofanya kazi kwa mara ya kwanza, hata kama mnadhani mtaiboresha. Hamtaiboresha. Ekstensheni ya umeme, ndefu. Na mlale, jamani; huu utamaduni wa kukesha kabla ya siku yenyewe sijui tuliutoa wapi.

Wazo nimeliacha mwisho makusudi. Mawazo hayajawahi kuadimika kwenye hakathoni. Likiwa dogo kiasi cha kuelezeka kwa pumzi moja, linatosha.

Waandaaji nao nina neno nao, na hapa naweka kejeli pembeni. Watoa huduma wakubwa wana njia za kuandaa akaunti za muda, zenye ukomo na zinazofutwa baadaye. Ni kazi, najua. Inahitaji mtu wa kuisimamia, na mtu huyo kwa kawaida ndiye huyohuyo anayetafuta projekta na kuhesabu sahani. Lakini mkiweza kuchapisha fulana zenye wingu linalocheka, mnaweza kufungua akaunti thelathini wiki moja kabla. Mkishindwa kabisa, basi andikeni ukweli kwenye tangazo: njoo na akaunti iliyokwisha kufunguliwa, na kama huna kadi tuambie mapema tukuunganishe na mwenye nayo. Sentensi moja. Yule dada angeisoma, maana alisoma kila kitu.

Nimemtafuta, kwa kweli. Nilimwandikia juzi kumwomba awe kwenye timu yetu tena, nikamwahidi kwamba safari hii hagusi slaidi hata moja. Amejibu kwamba ataangalia ratiba. Haki yake.

Waandaaji wa mwaka huu nao niliwaandikia, maswali matatu kwa adabu: Je, akaunti zitatolewa? Lini? Vikomo vyake ni vipi? Jibu lilikuja baada ya siku mbili: “Usijali ndugu, wewe njoo na ari!” na kikatuni cha wingu.

Ari ninayo. Kadi yangu ya benki ndiyo inayokwisha muda mwezi huu, na kesho asubuhi nakwenda kupanga foleni ya mpya.