Uwanja wa Bukoba unapakana na ziwa, uokoaji wake uwe wa ziwani

Mjadala wa Omukajunguti, eneo la Missenyi linalotajwa kujengwa uwanja mpya wa ndege wa Kagera, umerudi. Safari hii umeibukia kwenye kundi letu la WhatsApp la wanaukoo. Binamu yangu alituma picha ya uwanja wa ndege wa Bukoba iliyopigwa kutoka angani, lami inaishia na maji ya Ziwa Victoria yanaanzia hapohapo, akaandika kwamba uwanja huu ufungwe, tujengewe mwingine Missenyi, mambo yaishe. Watu wakaitikia kwa wingi. Mjomba mmoja akaongeza kwamba waliofariki kwenye ajali ya ndege ya Novemba 2022 siku zao zilikuwa zimefika. Nikaweka simu chini, maana nilikuwa na hasira na ningemvunjia heshima mtu mzima. Najibu hapa.

Waitu, siku zao zilifika vipi? Ndege ya Precision Air, safari namba PW494, aina ya ATR 42, iliingia ziwani asubuhi ya Jumapili tarehe 6 Novemba 2022 ikiwa na watu 43. Ishirini na wanne walitoka hai. Kumi na tisa walifariki, wakiwemo marubani wote wawili. Haikuangukia katikati ya ziwa, kwenye maji ambako hakuna anayeona. Ilikuwa mita mia chache tu kutoka lami inapoanzia, mkia unaonekana, mchana kweupe, mji mzima umesimama ufukweni unaangalia. Waliofika kwanza ni wavuvi kwa mitumbwi yao. Kijana Majaliwa Jackson alijaribu kuvunja kioo cha chumba cha marubani ili awafikie, akaumia, akazinduka akiwa hospitali. Halafu tukaona picha ambazo hakuna Mhaya atakayezisahau: umati wa watu umeshika kamba, wanaivuta ndege kwa mikono kuelekea nchi kavu.

Ripoti ya awali ya wachunguzi, iliyotoka mwezi huohuo, iliutaja uokoaji uliochelewa. Hiyo ndiyo sehemu ya ajali tunayoweza kuirekebisha sisi wenyewe. Mvua hatuwezi kuizuia.

Na mvua yenyewe si ngeni. Bukoba hupata mvua inayokaribia milimita 2,000 kwa mwaka, na nyingi hunyesha alfajiri na asubuhi. Usiku nchi kavu inapoa haraka kuliko maji, pepo za kutoka pande zote za ziwa zinakutana katikati, mawingu ya radi yanajijenga juu ya maji, kisha yanasukumwa kuja upande wa magharibi, yaani kwetu. Mtoto wa Kashai, hapa hapa mjini, anajua hivyo bila kufundishwa darasani. Ndege inayotoka Dar es Salaam kukiwa bado na giza inafika hapa saa zilezile ambazo mawingu hayo yanaweza kuwa juu ya mji. Upande wa magharibi kuna vilima, upande wa mashariki kuna ziwa, na lami yenye urefu wa kama kilometa moja na nusu imelala kati ya hivyo viwili. Rubani anayekuja kutoka ziwani anapita juu ya maji mpaka karibu kabisa na kugusa lami. Kwa hiyo akishindwa kufika, ataangukia majini. Kila aliyewahi kukaa dirishani kwenye ndege ya Bukoba ameyaona maji yakisogea chini ya bawa na akajiuliza lami iko wapi.

Ndiyo maana naumia tunapouzungumzia uwanja huu kwa urefu wa lami na uzuri wa jengo peke yake. Nakumbuka ulipokuwa wa changarawe, vumbi linatimka kiangazi na matope yanajaa masika. Lami ilipokuja, na jengo la abiria likazinduliwa na Rais Magufuli mwaka 2017, tulifurahi na tulikuwa na haki ya kufurahi. Kwa nchi kavu tulijengewa vizuri. Gari la zimamoto linasimama tayari kila ndege inapotua. Lakini gari la zimamoto haliwezi kuingia ziwani.

Mkataba wa Chicago wa usafiri wa anga wa kimataifa, ambao Tanzania ni mwanachama wake, una Kiambatisho cha 14 kinachohusu viwanja vya ndege. Kinasema wazi kwamba pale ambapo uwanja uko karibu na maji au kinamasi, na sehemu kubwa ya kutua au kuruka inapita juu yake, pawepo huduma maalumu za uokoaji na vifaa vinavyolingana na hatari hiyo. Kiambatisho hichohicho kinalenga waokoaji wafike popote kwenye njia ya kurukia ndani ya dakika 3. Mimi naomba tuchukue fikra hiyo ya dakika tuipeleke majini. Boti yenye injini inayowaka kwa mkupuo mmoja, tangi limejaa, imefungwa gatini ufukweni mwa uwanja wenyewe. Wazamiaji wawili au watatu wenye mitungi ya hewa iliyojazwa na kukaguliwa. Vifaa vya kukatia bodi ya ndege. Rafu za kuelea za kuwatosha abiria wa ATR moja. Na mtu mmoja, jina lake na cheo chake vinajulikana, ambaye ndege ikiwa dakika 20 kabla ya kutua anakuwa ameshawaambia wenzake wakae ndani ya boti. Ndege inatua, wanashuka, wanakunywa chai. Kesho wanarudia. Kazi ya uokoaji ndivyo ilivyo popote duniani, ni kusubiri kitu ambacho unaomba kisitokee.

Wapo watakaosema polisi wanamaji wapo ziwani. Wapo, na nawaheshimu, ila kazi yao ni ziwa zima: wavuvi haramu, magendo, mitumbwi iliyopinduka. Boti ya uwanja iwe ya uwanja. Bajeti yake ikae kwenye bajeti ya uwanja, na zoezi lake lifanyike mbele ya wananchi angalau kila mwaka, tuone kwa macho yetu inachukua dakika ngapi kutoka gatini mpaka mwisho wa njia ya kurukia. Abiria analipa tozo ya huduma ndani ya kila tiketi. Ana haki ya kuonyeshwa.

Sisi watu wa ziwa hili hatuna kisingizio cha kutojua. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilipinduka karibu na Mwanza. Hesabu rasmi ya waliofariki ni 894. Wazee wetu waliofuatilia siku zile wanasimulia jambo moja ambalo bado linanikosesha usingizi: meli ilikuwa bado inaelea kifudifudi, watu walikuwa hai ndani wakigonga chuma, na ilipotobolewa ili watolewe, hewa iliyokuwa inaishikilia ikatoka na meli ikazama nao. Hapakuwa na mtu mwenye ujuzi na vifaa vya kuifanya kazi ile. Wazamiaji walikuja baadaye, wengine kutoka Afrika Kusini, kutoa miili. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kikapinduka jirani na kisiwa cha Ukara, tukapoteza watu 228, na hapo pia maji yalikuwa yale ambayo mtu wa ufukweni anayatazama.

Mama yangu hakupanda tena meli baada ya 1996. Familia nyingi za Bukoba zilifanya hivyohivyo. Waliamua kupita barabarani siku nzima na usiku, kupitia Biharamulo, na walipopata uwezo wakaanza kupanda ndege. Ndege ndiyo ikawa njia ya kumwahisha mgonjwa hospitali ya Bugando, Mwanza, ya kuwahi mazishi kijijini (na Mhaya hazikwi ugenini kama kuna uwezekano wa kumrudisha kwenye kibanja, shamba la nyumbani kwao), ya kumpeleka mwanafunzi chuo, ya kurudi Dar na katoni la senene mwezi wa kumi na moja. Watu walilikimbia ziwa kwa kupanda ndege. Halafu baadhi yao wakafia ziwani, ndani ya ndege, wakionekana kutoka nchi kavu.

Sasa Omukajunguti. Sawa, nakubali. Mji umeubana uwanja huu, lami haiwezi kurefushwa bila kuingia majini au majumbani, na ndege kubwa za kubeba minofu ya sangara na kahawa hazitatua hapa kamwe. Kagera inahitaji uwanja mkubwa zaidi, na wananchi ambao ardhi yao imetajwa miaka na miaka wanastahili jibu lisilobadilika kila awamu. Lakini uwanja mpya ni mabilioni na ni miaka. Ndege ya Bukoba inatua leo, na itatua kesho asubuhi.

Na hata Omukajunguti ukijengwa, uwanja wa Mwanza uko ukingoni mwa ziwa hilihili, na wa Musoma pia. Wenzetu wa Kisumu na Entebbe vivyo hivyo.

Kuhusu wavuvi, nasema kwa uchungu. Majaliwa alipewa shilingi milioni moja na ajira ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, na Taifa zima lilimpigia makofi. Alistahili kila kitu. Ila wale wengine wa mwaloni, pale wavuvi wanapoegesha mitumbwi, waliopiga makasia asubuhi ile bado ndio watakaofika kwanza siku nyingine, kwa sababu wanaishi pale na macho yao yako ziwani. Basi wawe sehemu ya mpango. Wafundishwe mlango wa dharura wa ATR uko wapi na unafunguliwaje kutoka nje. Waonyeshwe sehemu ya bodi inayokatwa na ile isiyoguswa, ili yaliyotokea kwa MV Bukoba yasirudiwe na mtu mwenye nia njema na shoka. Wapewe jaketi okozi na kamba imara, na redio moja ikae kwa mwenyekiti wa mwalo, iliyounganishwa na mnara wa kuongozea ndege. Mafunzo ya namna hiyo ni ya siku chache, na walimu tunao ndani ya nchi, Zimamoto na kwenye mashirika ya ndege yenyewe.

Mjomba, ukisoma hapa, ujue sijakudharau. Nakuomba uliseme hili kwenye kikao cha wanaukoo cha Desemba, maana wewe unasikilizwa na diwani yuko mezani kwako kila sikukuu. Mwulize boti ya uwanja imefungwa wapi, na nani ana ufunguo wake.