Kuzika au Kuchoma: Uamuzi wa Msiba Mbichi

Swali la kama marehemu azikwe au achomwe huwafikia wafiwa saa chache baada ya kifo, wakati ambao ni wachache wenye utulivu wa kulipima. Kwa baadhi yao dini imekwisha kulijibu: Uislamu hauruhusu maiti kuchomwa, ilhali kwa Wahindu wengi moto ndiyo njia iliyozoeleka. Kanisa Katoliki liliondoa katazo lake mwaka 1963, ingawa mwaka 2016 lilisisitiza kwamba majivu yahifadhiwe mahali patakatifu, yasitawanywe wala kugawanywa baina ya jamaa. Ugumu huwakuta wale walioachiwa nafasi ya kuchagua.

Wanaotetea kuchoma hutanguliza suala la ardhi, na hoja yao ina uzito. Majivu ya mtu mzima huwa takriban kilo 2 hadi 3. Husafirishwa kwa urahisi na hayadai kaburi la kupaliliwa kizazi baada ya kizazi. Hoja yao ya mazingira naiona dhaifu zaidi, kwa sababu tanuru hufikia joto la nyuzi 800 za Selsiasi na zaidi, huteketeza mafuta au gesi nyingi, na hutoa hewa ya ukaa pamoja na zebaki iliyozibia meno. Maziko nayo hayana usafi wa moja kwa moja: aliyezikwa kwa sanda pekee si sawa na aliyetiwa formalini, kemikali ya kuhifadhi maiti, na kulazwa ndani ya zege.

Linalonigusa zaidi, hata hivyo, ni kwamba kuzika kunaweza kurekebishwa na kuchoma hakuwezi. Mwili uliozikwa huweza kufukuliwa kwa amri ya mahakama pale sababu ya kifo inapotiliwa shaka, au kuhamishwa familia ikiafikiana. Lakini tanuru likishafanya kazi yake, ushahidi wa sumu nyingi hupotea, na hata vinasaba kwa kawaida havipatikani tena. Ndiyo maana, marehemu akiwa hakusema lolote na ndugu wakiwa wamegawanyika, naona afadhali kuzika, ijapokuwa nakiri kwamba kaburi lililo mbali na watoto ni mzigo wa kweli kwao.

Marehemu akiwa alisema, neno lake linastahili kutangulia. Tatizo ni kwamba wosia mara nyingi hufunguliwa mazishi yakiwa yamekwisha, na chini ya sheria ya Uingereza, kwa mfano, maagizo ya mtu kuhusu mwili wake hayamfungi msimamizi wa mirathi. Kwa hiyo anayetaka kuchomwa aandike karatasi ya pekee na kumkabidhi yule atakayepigiwa simu kwanza. Akiwa amewekewa kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo, akitaje humohumo, kwa kuwa betri yake huweza kulipuka ndani ya tanuru na ni lazima kitolewe kabla.